Neno «kichwa» limetuchosha

Wamama wa Rubaya, wa Kibabi, wa Mushaki na wa Ngungu, na ninyi wa upande wa Walikale ambao karatasi hii huwafikia ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa mtu wa moto, juma lililopita tuliongea juu ya wadudu wanaotoboa maharagi, na wengi mmetuletea majibu yenu: majivu, pilipili, hata mikebe ya mafuta. Asanteni, tutarudi huko. Leo tuna mdudu wa namna nyingine.

Mdudu huyu ni neno, nalo ni «kichwa».

Mnalisikia kila siku. Mtoto amesoma kibao cha duka bila kukwama: «Eee, huyu iko na kichwa!» Mtoto amerudisha franga za wateja sawasawa sokoni: iko na kichwa. Tarehe 2 ya mwezi wa saba, siku ya kutangaza matokeo, amefika na buletini ya 78 kwa mia: iko na kichwa, na jirani wote wanaitwa waje kumwona, kama vile kichwa chenyewe kimekua usiku. Na ndugu yake aliyesimama kando na 46 yake? Huyo «hana kichwa». Tunasema hivyo mbele yake, kwa sauti, kama watu walio sokoni wanaosema ng'ombe huyu ni wa maziwa na huyu ni wa nyama.

Alhamisi iliyopita, tulipokwisha kufunga sanduku la AVEC, mmoja kati yetu alikuwa anamsifu mjukuu wake hivyo hivyo, kichwa, kichwa, kichwa. Koko mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akichambua maharagi akasema bila kuinua macho: «Kama ni kichwa mnatafuta, mwende shambani muangalie shu. Shu ni kichwa tupu toka chini mpaka juu. Na hakuna aliyemwona shu akiingia shuleni.»

Tulicheka mpaka mtunza ufunguo akasahau amefunga kufuli ya ngapi. Lakini tulipotulia tuliona koko ametugusa mahali penye kidonda, na ndiyo maana tumekata shauri kuandika.

Tuanze na franga, kwa sababu ndipo neno hili linapouma. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure, na toka mwezi wa tisa wa 2019 serikali ilianza kuyafanya bure kweli. Vizuri. Lakini mtoto akifika sekondari, bure imekwisha. Kuna karo, kuna uniforme, kuna madaftari, kuna viatu vinavyokula matope ya Masisi kwa miezi miwili tu. Nyumba yenye watoto watatu wa umri huo ina franga za mmoja. Na hapo baba na mama wanakaa jioni wanaulizana: tulipie nani? Jibu liko tayari, tumelitayarisha miaka mingi bila kujua: tulipie mwenye kichwa.

Basi «kichwa» si sifa tu. Ni hukumu ya mahakama. Anayekipata anapewa kalamu. Asiyekipata, kama ni mvulana, anapanda mlimani na jembe na tochi ya paji la uso. Kama ni msichana, anabaki na bidoni za maji, au meza ya birayi sokoni, au anaanza kuulizwa ataolewa lini. Na mlima tunaujua sisi wenyewe. Tunajua mvua inapopiga siku tatu ni mama wangapi hawalali.

Kuna jambo linalotuchekesha kwa uchungu hapa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia inatoka katika vilima vyetu hivi. Tantali inatoka ndani ya koltani, na inaingia ndani ya simu, zile ambazo Waswahili wa upande wa bahari wanaziita simu janja. Simu imepewa ujanja na mtoto tuliyesema hana.

Sasa tuungame. Mmoja kati yetu tunaoandika ukurasa huu ana msichana na mvulana waliofuatana. Mvulana alileta pointi nzuri. Msichana, mwaka wa pili wa sekondari, alileta 49. Mama akamwambia, tena kwa upole, akidhani anamfariji: «Mdogo wako Mungu alimpa kichwa, wewe alikupa mikono.» Msichana akaacha masomo, akaanza kuuza maharagi kwa kipimo. Hakulia. Ilipita karibu mwaka.

Halafu mama akaugua, akalala majuma mawili, na wadeni wakaanza kukana. Msichana akasimama mlangoni akawataja mmoja mmoja: huyu alichukua vipimo vitatu siku ya soko kabla ya Krismasi, akalipa nusu, akaongeza kimoja siku alipozaa dada yake, huyu anadaiwa tangu tuliporudi kutoka kambini. Hakuna karatasi. Yote yalikuwa ndani yake, na tarehe zake. Wadeni walilipa, wengine kwa aibu. Mama alipopona akamwambia tena, maana ulimi una mazoea: «Kweli Mungu alikupa mikono.» Msichana akamuuliza: «Mama, na hii mikono inaambiwa na nani?»

Ndipo tukarudi nyuma kuhesabu ile 49 ilitoka wapi. Mwaka ule ndiye aliyekuwa akiteka maji saa kumi na moja za asubuhi, akichelewa somo la kwanza, na somo la kwanza lilikuwa hesabu siku tatu katika juma. Mdogo wake wa kichwa alikuwa analala wakati huo. Hatukuwa na mtoto mwenye kichwa na mtoto asiye nacho. Tulikuwa na bidoni moja na mtoto mmoja wa kuibeba.

Tusidhani jambo hili ni la Rubaya peke yake. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno lao, «kipanga». Kipanga ni ndege mwenye jicho kali, yule anayechukua kifaranga kabla hujapiga kelele, na shuleni ndiyo jina la mwanafunzi anayepata pointi za juu. Na aliye chini wanamwita «kilaza». Mwaka 2016 rais wao wa wakati ule, John Magufuli, alilitumia neno vilaza hadharani juu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma waliokuwa wamerudishwa nyumbani, na nchi nzima ikabishana. Wengine walisema amesema kweli, wengine waliuliza kijana aliyeitwa kilaza na rais atarudi kijijini kwao na uso gani. Hilo la pili ndilo swali la mama. Na mwanzoni mwa 2023 baraza lao la mitihani likatangaza kwamba halitataja tena shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kila matokeo yanapotoka, kama lilivyokuwa likifanya. Sisi hatujafika huko. Kwetu wa kwanza bado anaitwa mbele kupigiwa makofi, na wa mwisho anajulikana mpaka kwa wauza mandazi.

Kenya nako kuna mafundisho tuliyoyapenda zaidi. Miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Sara Harkness na mume wake Charles Super, walikwenda kukaa na Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, wakawauliza wamama: mtoto mwenye akili ni yupi? Wamama wakasema ni yule aliye ng'om. Na ng'om maana yake ni mtoto anayeona kazi kabla hajatumwa. Unamwacha na mdogo wake, unarudi unakuta mdogo amekula, moto haujazimika, mbuzi hawajaingia kwa jirani. Je, yule anayepata pointi shuleni? Wakasema, aa, huyo naye yuko, lakini huyo ni «ng'om en sukul», ng'om wa shule. Yaani akili ya shule ilihitaji kuongezewa neno ili ijulikane ni ipi, kwa kuwa haikuwa akili yote.

Wajaluo nao, katika utafiti uliotoka 2001, walionekana wana maneno manne pale ambapo sisi tunapiga kelele ya neno moja. Rieko ni maarifa na ujuzi. Luoro ni heshima. Winjo ni kuelewa jambo. Paro ni kufikiri na kuanza kitu mwenyewe. Tulipoyasoma kwa sauti katika mkutano, kila mama alianza kuwagawanya watoto wake: huyu ana paro lakini luoro, hapana kabisa! Tulipoteza nusu saa hapo, na hatujuti.

Na sisi je? Wasemao Kinyarwanda kati yetu wana ubwenge. Kiswahili kina akili. Lingala imetuletea mayele, ambayo kwa nusu ni akili na kwa nusu ni ujanja wa kumpita mwenzako kwenye foleni. Kiswahili cha zamani kimejaa maneno ya watu wanaojua kitu: stadi, hodari, mahiri, fundi, bingwa, gwiji. Kuna sogora, mjuzi wa kupiga ngoma. Kuna mbuji, mtu afanyaye kitu kwa ustadi wenye kupendeza. Kuna manju, kiongozi wa nyimbo. Angalieni jinsi maneno haya yalivyo: kila moja linamwonyesha mtu akifanya kazi fulani. Hakuna linalompima fuvu.

Hapo ndipo mchezo wetu ulipoanza. Tuliwekeana sharti: hakuna kusema «kichwa» mpaka Alhamisi ijayo, na anayelisema anaweka franga mia mbili katika kikopo cha huruma. (Mama mwenye mjukuu alilipa mara tatu kabla hajafika mlangoni.) Mahali pake, kila mmoja alete jina lake, litoke jikoni, shambani au barabarani, na liseme mtoto anafanya nini.

La kwanza lilikuwa «birayi». Mtoto wa birayi ni yule ambaye juu huoni kitu, majani tu, anakaa kimya darasani, mwalimu hamjui jina. Kisha siku unafukua unakuta kikapu kizima. Wamama watatu walipiga kelele kwa pamoja kwamba wanaye mmoja nyumbani.

«Chukudu» alikuja baadaye, na mwenye kumleta ni mama aliyekaa Goma miaka mingi. Chukudu kupanda mlima ni taabu, unasukuma, unatokwa jasho, watu wanakupita. Lakini akifika juu na kilo zake zote, hakuna anayemkamata kwenye mteremko. Ni mtoto anayechelewa kuelewa somo, lakini akilielewa halimtoki tena. Tuliona huyu ni wa maana sana, maana ndiye anayeitwa hana kichwa mwezi wa kumi na moja, na mwezi wa sita anashangaza watu.

«Taa ya jua» ni yule anayeonekana amelala mchana kutwa. Usiku, mnapokula bugali, anawasimulia kila alichosema mwalimu, pamoja na kikohozi chake.

«Fromaji» ilitutia ubishi. Mwenye kuileta alisema maziwa kila mtu anayo, lakini fromaji ya Masisi inataka kungoja, kugeuzwa, kuwekwa mahali pazuri, na ikingojwa ndiyo inauzwa bei. Mwingine akajibu kwamba mtoto anayengojwa sana mwishowe ananuka. Limekubaliwa kwa masharti.

«Mizani» ni yule wa hesabu. «Kasuku» ni yule anayeshika somo zima kwa moyo bila kuelewa, na hapa wamama walimu walitikisa kichwa (cha kweli, hawakulipa) wakasema kasuku ndiye tunayemwita kichwa mara nyingi kuliko wote, kwa sababu mitihani mingi inampenda. «Sindano» ni mtoto mwenye maswali. Anatoboa, anakasirisha wakubwa, na bila yeye hakuna nguo inayoshonwa. Na koko wa shu akamaliza kwa «jifya»: jiwe la jiko. Peke yake halipiki. Ukiliweka na mengine mawili, chungu kinasimama. Alisema ana mjukuu wa namna hiyo, akiwa na wenzake wote wanafaulu, akiwa peke yake anaanguka. Hatukuwahi kufikiri kuwa hiyo nayo ni akili.

Mama mmoja hakufurahi, na tunapenda kuandika neno lake kwa sababu alikuwa na haki kwa sehemu. Alisema: «Mwanangu ni wa kwanza toka kalasi ya kwanza. Mnataka nimfiche? Mnataka nimwite birayi?» Hapana, mama. Watoto hawalingani, na anayeruka juu aruke. Lakini sikia jambo hili. Mwaka 1998 wanawake wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapa utafiti wao juu ya watoto wa miaka kumi hivi. Waliwapa mafumbo mepesi, wakawasifu. Wengine waliambiwa, mna akili. Wengine waliambiwa, mmefanya bidii. Kisha wakawapa mafumbo magumu ambayo wote walishindwa, na baadaye mepesi tena. Wale waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mara ya kwanza, na wale wa bidii wakafanya vizuri zaidi. Na walipoambiwa waandike pointi zao kwa watoto wengine, waliosifiwa akili walioandika uongo walikuwa wengi kuliko wale wa bidii.

Yaani aliyeitwa kichwa anaogopa kukipoteza. Atachagua kazi rahisi, ataficha buletini chini ya godoro, atasema mwalimu amemchukia. Sisi wenyewe tumewaona: vijana wa kichwa toka hapa hapa, walioanguka mara moja katika mtihani wa serikali na hawakutaka kurudia kwa sababu ya aibu. Wenzao wa chukudu walirudia na wakapata diploma yao.

Kwa hiyo, mama wa wa kwanza, msifu. Mwambie: nimeona ulivyorudia lile zoezi mara nne. Mwambie: nimeona ulivyomfundisha jirani. Hizo ni sifa anazoweza kuzifanya tena kesho. Kichwa hawezi kukifanya tena, kimeshafanywa.

Na kwa wote tunaomba kitu kimoja kabla ya mwezi wa tisa, wakati mikopo ya karo inapoombwa katika vikundi vyetu. Mama akisema «nataka mkopo kwa ajili ya huyu kwa sababu ndiye mwenye kichwa», tusiandike kwanza. Tumuulize: na yule mwingine anaamka saa ngapi? Nani anateka maji? Ana daftari? Anakaa na njaa siku gani? Haya si maswali ya kumzuia mkopo. Sisi wenyewe tulifungua daftari letu la miaka iliyopita, tukaona mikopo ya karo ya wavulana imejaa ukurasa, na wasichana wanatafutwa kwa kidole. Hakuna aliyetushauri hivyo. Tulikuwa tunalipia vichwa tu.

Yule msichana wa wadeni bado hajarudi darasani. Mama yake ameanza kuongea na baba, na baba amesema atafikiri mavuno ya birayi yakipita, na bidoni ya asubuhi imepewa mdogo wake, ambaye amelalamika sana. Hesabu za maharagi anaendelea kuzishika, ila sasa anaziandika, kwa sababu ameomba daftari na akapewa.

Majina yenu tunayangoja kabla ya Jumatano, kwa maandishi au kwa mdomo, kwa mama yeyote wa kamati. Lenye kuchekesha kuliko yote litapata kipande cha sabuni. Msilete «shu», limekwisha kuchukuliwa na mwenyewe analilinda.